Apataye Hupungua: Utambuzi wa Uoksidishaji na Upunguzaji katika Mimenyuko ya Kikemikali

Utangulizi

Ni jambo la kawaida kusikia ikidaiwa kwamba Kiswahili kinafaa ushairi, siasa na biashara, ila kikifika kwenye mlango wa maabara hukwama. Dai hili limejibiwa mara nyingi kwa maazimio na hotuba. Jibu lililo bora zaidi ni kuichukua mada moja ya sayansi, tena iliyo ngumu kiasi, na kuieleza kwa Kiswahili hadi msomaji aweze kuitumia mwenyewe. Makala haya yanakusudia kufanya hivyo kwa kuangazia uoksidishaji na upunguzaji, mada ambayo katika mtaala wa 8-4-4 iliwekwa kidato cha nne na ambayo wengi wetu tuliikariri kwa Kiingereza, tukaipita mtihani, kisha tukaisahau.

Maswali matatu yatatuongoza. Kwanza, uoksidishaji na upunguzaji ni nini? Pili, mtu akionyeshwa mlinganyo wa mmenyuko, atajuaje ni kitu gani kilichooksidika na ni kipi kilichopungua? Tatu, je, sarufi ya Kiswahili inatusaidia au inatutatiza katika kazi hii? Maswali haya si ya darasani pekee. Kutu inayokula mabati ya nyumba, jiko la makaa linaloua watu waliolala chumbani na dawa ya kupausha nguo inayogeuka sumu bafuni, yote hayo ni mambo ya uoksidishaji na upunguzaji.

Chimbuko la Dhana

Kama jina lenyewe linavyodokeza, uoksidishaji ulihusishwa hapo mwanzo na oksijeni. Katika karne ya 18, wanakemia wengi wa Ulaya waliamini kwamba kitu kinapoungua hutoa dutu fulani iliyokuwa imefichika ndani yake, waliyoiita flojistoni. Antoine Lavoisier wa Ufaransa alipima uzito wa vitu kabla na baada ya kuungua, akaonyesha kuwa kinachotokea ni kinyume: metali inapochomwa huongezeka uzito kwa sababu hujiunga na sehemu fulani ya hewa. Sehemu hiyo ndiyo aliyoipa jina la oksijeni. Basi kuoksidika kukawa na maana ya kujiunga na oksijeni. Mfano mwepesi ni wa magnesiamu inayoungua kwa mwanga mweupe mkali:

2Mg + O₂ → 2MgO

Kinyume chake kilikuwa kuondolewa oksijeni. Wafua chuma walijua tangu kale kwamba mawe yenye chuma, yakichomwa pamoja na makaa katika tanuri, hutoa metali. Neno la Kilatini lililozaa istilahi ya Kiingereza ya tendo hili lilikuwa na maana ya kurudisha, yaani kuirudisha metali katika hali yake halisi. Kwa vile uzito wa madini hayo pia ulishuka baada ya kupoteza oksijeni, maana ya kupunguza nayo ilikaa vyema. Sisi tulipotafsiri tulichukua maana hii ya pili, tukapata upunguzaji. Ni vyema tulikumbuke chaguo hilo, kwa maana litatuletea kizungumkuti hivi punde.

Baadaye fasili ilipanuliwa ili iguse pia haidrojeni. Ilisemwa kuwa dutu inayopoteza haidrojeni imeoksidika na inayopata haidrojeni imepungua. Kwa mfano:

H₂S + Cl₂ → 2HCl + S

Hapa hakuna oksijeni hata chembe. Hata hivyo, salfa imepokonywa haidrojeni, kwa hiyo haidrojeni salfidi imeoksidika, nayo klorini iliyoipata haidrojeni hiyo imepungua.

Elektroni: Kiini cha Jambo

Fasili hizo mbili zilikuwa na kasoro moja. Zilieleza dalili za jambo bila kulieleza jambo lenyewe. Tazama sodiamu inavyomenyuka na klorini kuunda chumvi tunayoilia ugali:

2Na + Cl₂ → 2NaCl

Hamna oksijeni wala haidrojeni, lakini sodiamu imebadilika vilevile inavyobadilika ikijiunga na oksijeni. Ufunguo ulipatikana baada ya J. J. Thomson kugundua elektroni mwaka 1897 na wanasayansi waliomfuata kueleza jinsi atomu zinavyoungana. Ilibainika kuwa katika mimenyuko yote hii kuna kitu kimoja kinachohama: elektroni. Kila atomu ya sodiamu hutoa elektroni moja, nayo kila atomu ya klorini huipokea. Kwa hiyo, fasili inayotumika sasa ni hii: kuoksidika ni kupoteza elektroni, kupungua ni kupata elektroni.

Hapa ndipo penye kizungumkuti. Mswahili yeyote ataliza: itakuwaje kitu kipate, kisha kisemwe kimepungua? Jambo hili huwababaisha hata wanafunzi wanaosoma kwa Kiingereza, maana neno la lugha hiyo nalo lina maana ya kupunguza. Suluhisho ni kujiuliza: kinachopungua ni nini? Elektroni ina chaji hasi. Atomu inapoongezewa kitu kilicho hasi, chaji yake hushuka. Ayoni ya shaba yenye chaji ya +2 ikipokea elektroni mbili hushuka hadi 0. Atomu ya klorini iliyokuwa na 0 ikipokea elektroni moja hushuka hadi −1. Kilichoongezeka ni elektroni. Kilichopungua ni chaji. Mtu aliyelielewa hili hana haja ya kukariri, ila kwa anayependa kukariri, tunaweza kuliweka kwa sura ya methali: atoaye huoksidika, apataye hupungua.

Ni muhimu kusisitiza kuwa matendo haya mawili hayatengani. Elektroni zinazotolewa lazima zipokewe, na idadi ya zilizotolewa lazima iwe sawa na ya zilizopokewa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukiambiwa kuwa katika mmenyuko fulani kuna kilichooksidika, uliza mara moja ni kipi kilichopungua. Usipokipata, ama umekosea hesabu au mmenyuko huo si wa aina hii.

Sarufi Inavyosaidia na Inavyotatiza

Mwanafunzi wa mofolojia ataona mara moja kwamba Kiswahili kina zana zinazofaa kwa mada hii. Kitenzi oksidisha kimeundwa kutokana na nomino oksidi kwa kuongezwa kiambishi cha kusababisha. Kitenzi punguza nacho ni kauli ya kusababisha ya pungua. Kwa hiyo tunapata mifuatano miwili inayolingana: oksidisha, oksidishwa, oksidika, na punguza, punguzwa, pungua. Katika kila mfuatano, kitenzi cha kwanza kinamhusu mtendaji, cha pili mtendwa, na cha tatu hali inayompata mtendwa huyo.

Mpangilio huu unatatua jambo linalowakanganya wengi, nalo ni la kioksidishaji na kipunguzaji. Kioksidishaji ni dutu inayooksidisha nyingine. Ili ioksidishe nyingine, sharti iipokonye elektroni. Na ikiisha kupata elektroni, yenyewe imepungua. Vivyo hivyo, kipunguzaji hupunguza kingine kwa kukipa elektroni, na kwa kutoa huko chenyewe huoksidika. Ndiyo kusema kwamba kioksidishaji hupungua na kipunguzaji huoksidika. Kauli hii hufanana na fumbo, lakini ukizingatia tofauti ya kutenda na kutendwa, fumbo linafumbuka lenyewe.

Hata hivyo, sarufi hiyohiyo ina mtego. Mtu akiandika "uoksidishaji wa zinki", je, ana maana kwamba zinki imeoksidisha kitu kingine au kwamba zinki ndiyo iliyooksidishwa? Kihusishi cha a-unganifu hakituambii. Katika mashairi utata wa namna hii huweza kuwa pambo. Katika kemia ni kosa, kwa sababu maana hizo mbili ni kinyume kabisa. Inafaa basi tuandike "kuoksidika kwa zinki" tunapomaanisha kwamba zinki imepoteza elektroni, na tuliache neno uoksidishaji liwe jina la tendo kwa jumla. Kazi kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochapishwa na TUKI mwaka 1990, zilituwekea msingi wa msamiati. Kilichobaki ni matumizi ya sentensi nzima, na hapo ndipo istilahi hukomaa.

Namba ya Oksidisho

Katika mimenyuko mingi elektroni hazionekani zikihama waziwazi. Kaboni na oksijeni, kwa mfano, hushirikiana elektroni badala ya kupeana. Kwa sababu hiyo wanakemia hutumia kipimo kiitwacho namba ya oksidisho. Namba hii ni chaji ambayo atomu ingekuwa nayo iwapo elektroni zote za kila kifungo zingehesabiwa kuwa mali ya atomu inayozivuta kwa nguvu zaidi. Kanuni za kuitafuta ni chache:

1. Elementi iliyo peke yake, bila kuungana na nyingine, ina namba 0. Hivyo Fe, O₂, Cl₂ na Cu zote zina 0.

2. Ayoni ya atomu moja ina namba iliyo sawa na chaji yake. Na⁺ ina +1, Zn²⁺ ina +2, na Cl⁻ ina −1.

3. Oksijeni katika misombo huwa na −2. Katika peroksidi kama H₂O₂ huwa na −1, na ikiungana na florini huwa chanya.

4. Haidrojeni katika misombo huwa na +1, isipokuwa ikiungana na metali, kama katika NaH, ambapo huwa na −1.

5. Florini katika misombo daima huwa na −1.

6. Jumla ya namba zote katika msombo usio na chaji ni 0. Katika ayoni yenye atomu nyingi, jumla hulingana na chaji ya ayoni hiyo.

Tuchukue KMnO₄, ile dawa ya rangi ya zambarau ipatikanayo katika maabara nyingi za shule. Potasiamu ina +1. Oksijeni nne zina −8. Ili jumla iwe 0, manganizi lazima iwe na +7. Katika ayoni ya Cr₂O₇²⁻, oksijeni saba zina −14, na jumla inatakiwa iwe −2; basi kromiamu mbili zina +12, yaani kila moja +6.

Baada ya hapo kanuni ya utambuzi ni nyepesi. Andika namba ya kila elementi upande wa kushoto na upande wa kulia wa mlinganyo. Elementi ambayo namba yake imepanda imeoksidika. Ambayo namba yake imeshuka imepungua. Ikiwa hakuna iliyobadilika, mmenyuko huo si wa uoksidishaji na upunguzaji. Kuna pia njia ya mkato: ukiona elementi iko peke yake upande mmoja na imo ndani ya msombo upande wa pili, bila shaka namba yake imebadilika.

Mifano Mitano

(a) Tanuri la chuma. Chuma kilifuliwa Afrika Mashariki karne nyingi kabla ya viwanda vya kisasa. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kuhusu chuma cha Malindi, na matanuri ya Wahaya wa Kagera yamechunguzwa na wanaakiolojia tangu miaka ya 1970. Katika tanuri, makaa yanayopulizwa kwa mivukuto huungua na kutoa kaboni monoksidi, nayo humenyuka na madini hivi:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Chuma kimeshuka kutoka +3 hadi 0, kwa hiyo kimepungua. Kaboni imepanda kutoka +2 hadi +4, kwa hiyo imeoksidika. Tuhakikishe hesabu: atomu mbili za chuma zimepata elektroni tatutatu, jumla sita, atomu tatu za kaboni zimepoteza mbilimbili, jumla sita. Mizani imetulia. Kipunguzaji ni CO, na kioksidishaji ni Fe₂O₃. Zingatia kuwa tunapotaja kioksidishaji au kipunguzaji huitaja dutu nzima, ingawa namba iliyobadilika ni ya elementi moja ndani yake.

(b) Tanuri la chokaa. Wajenzi wa Lamu, Gedi na miji mingine ya mwambao walichoma mawe ya matumbawe kupata chokaa ya kujengea:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kuna moto, kuna joto kali, na oksijeni imo kila mahali katika mlinganyo. Mwenye haraka atasema huu ni uoksidishaji. Tuzipime namba. Kalsiamu ilikuwa +2, imebaki +2. Kaboni ilikuwa +4, imebaki +4. Oksijeni ilikuwa −2, imebaki −2. Hakuna aliyetoa wala aliyepata. Kuni zilizo chini ya jiwe ndizo zinazooksidika. Jiwe lenyewe limevunjika tu. Mfano huu unatufunza kuwa moto na oksijeni si ushahidi wa kutosha. Ushahidi ni namba.

(c) Mabati na kutu. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hutoa elektroni, nayo oksijeni huzipokea:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Bidhaa za hatua hizi huendelea kuoksidika hadi kuwa ile kutu nyekundu. Pwani, chumvi iliyo katika upepo wa bahari huyafanya maji yapitishe chaji kwa wepesi zaidi, ndiyo sababu paa la Mombasa huliwa upesi kuliko paa la bara lililo kavu. Mabati hupakwa zinki kwa sababu zinki hutoa elektroni kwa wepesi kuliko chuma. Hata bati likikwaruzwa, zinki iliyo jirani huoksidika kwa niaba ya chuma. Zinki ikiisha, zamu ya chuma hufika. Anayejua hili hatangoja kutu ionekane ndipo apake rangi.

(d) Jiko la makaa. Makaa yakipata hewa ya kutosha, kaboni hupanda kutoka 0 hadi +4 na kutoa CO₂. Hewa ikiwa haba, kama katika chumba kilichofungwa usiku wa baridi, sehemu ya kaboni huishia njiani, kwenye +2:

2C + O₂ → 2CO

Gesi hii haina rangi wala harufu, nayo huizuia damu kubeba oksijeni. Ni gesi ileile tuliyoisifu katika tanuri la chuma. Mtu aliyelala haamshwi nayo. Namba +2 badala ya +4 ni tofauti ndogo kwenye karatasi, lakini chumbani ni tofauti ya uhai na mauti. Jiko lenye makaa yanayowaka halina nafasi katika chumba cha kulala kilichofungwa.

(e) Dawa ya kupausha nguo. Dawa hii huwa na sodiamu haipokloriti, NaClO, ambayo ni kioksidishaji. Klorini yake ina namba +1, hali isiyo ya kawaida kwa klorini, kwa hiyo huwa na uchu wa kupata elektroni. Huzipokonya kwenye madoa, na rangi ya madoa ikapotea. Hatari hutokea mtu anapoichanganya na dawa ya kusafishia choo yenye asidi haidrokloriki, akidhani kuwa mbili ni bora kuliko moja:

NaClO + 2HCl → NaCl + H₂O + Cl₂

Klorini ya NaClO imeshuka kutoka +1 hadi 0; imepungua. Klorini moja ya HCl imepanda kutoka −1 hadi 0, imeoksidika. Klorini ya pili ya HCl imebaki −1 ndani ya chumvi. Elementi moja imetokea pande mbili tofauti na kukutana katikati, na matokeo yake ni gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kuwa silaha huko Ypres, Ubelgiji, mnamo Aprili 1915. Maonyo yaliyoandikwa kwenye chupa hizi aghalabu huwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Mfanyakazi wa nyumbani asiyekijua Kiingereza anasafisha bafu lisilo na dirisha. Kwake, kuelezwa kemia kwa lugha anayoielewa ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la uzalendo.

Hitimisho

Tumeona kwamba dhana ya uoksidishaji ilianza kwa oksijeni, ikapitia haidrojeni, ikatulia kwenye elektroni, na kwamba namba ya oksidisho ndiyo mizani ya kuitambua. Tumeona pia kuwa kinachopungua katika upunguzaji ni namba hiyo, wala si mali ya anayepokea elektroni. Kuhusu lugha, mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili unatupa njia safi ya kumtofautisha mtendaji na mtendwa, mradi tujihadhari na a-unganifu pale inapoficha nani kamtenda nani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo itakuwa na uzito zaidi siku ambayo onyo la chupa ya dawa, maelezo ya paa na somo la jiko vitapatikana katika lugha hiyo, vikiwa vimeandikwa na watu wanaoijua kemia na kuijua sarufi. Wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni wana wenzao katika vitivo vya sayansi, katika kampasi hizohizo. Msomaji anayetaka kuanza na achukue chupa iliyo bafuni kwake, asome kilichoandikwa, amtafute mwenzake wa kemia, kisha wakiandike upya kwa Kiswahili ambacho kila mtu wa nyumba ile ataelewa.